Diski Mbili Kutoka Darini

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Aloyce kule Kilema, ndani ya kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka kaburi la mkewe. Watu waliporudi kutoka kaburini walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai, wakagawiwa machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama, nami nikachukua sahani yangu nikajibanza karibu na tangi la maji, mahali ambapo mtu halazimiki kusalimiana na kila anayepita. Kornel alinikuta hapo. Sikuwa nimemwona kwa miaka minane. Tumbo limemtoka na nywele zimerudi nyuma, lakini bado anaongea kama mtu anayetangaza mnada. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi turubai la pili, "Shikamoo, fundi." Watu wakageuka. Mama mmoja akamwuliza, "Wewe baba mzima, unamwamkia binti mdogo hivyo kwa nini?" Kornel akajibu, "Mwulize mwenyewe." Basi wakaniuliza. Nilitazama ndizi kwenye sahani yangu, nikasema ni utani wa zamani tu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Haukuwa utani mtupu, na nilipofika nyumbani nilijisikia kama mtu aliyekana kitu chake. Mimi siongei vizuri mbele za watu. Shule niliishia darasa la saba, na hata kuandika naandika polepole. Ukurasa mmoja huweza kunichukua jioni mbili. Lakini kwenye karatasi hakuna anayenitazama mdomo. Kwa hiyo yule mama, popote alipo, jibu lake ni hili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyuma ya nyumba ya Mwalimu Aloyce kulikuwa na chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Alikuwa amekigeuza cha kurekodi kwaya. Kuta alizibandika trei za mayai na vipande vya magodoro, mlango akauninginizia blanketi zito, na bado ukivuta pumzi ulisikia harufu ya kahawa kavu, kana kwamba magunia yako nyuma ya trei. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta yenye kasha la kijivu lililopasuka kona moja. Mimi niliitwa mara ya kwanza kuosha vyombo, kwa kuwa siku ya kurekodi walipikiwa watu zaidi ya ishirini. Nilikuwa napita na sahani mkononi, ikidondosha maji, nikaona kwenye kioo mistari inayopanda na kushuka wakati watu wanaimba. Nikasimama. Felista, mke wa Mwalimu, ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza. Wimbo ulipokwisha alinikuta bado nimesimama mlangoni na blanketi begani kama mtu aliyelivaa.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Pale mtu amekohoa," nikasema, nikinyoosha kidole kwenye kituta kidogo katikati ya mistari. Nilisema kwa sauti ya chini hivi kwamba ilibidi anisogelee.

Felista akageuka. "Mwalimu, njoo. Huyu mtoto anaona kikohozi."

Kuanzia siku ile nilikaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta mimi. Sikuchaguliwa kwa kuwa nilijua chochote. Nilichaguliwa kwa kuwa niliweza kukaa kimya saa tatu nikisikiliza jogoo mmoja na kutafuta ni wapi hasa aliwika. Kazi yangu ilikuwa kukata: jogoo, viti vinavyoburuzwa, vikohozi vya wazee wa besi, na zaidi ya vyote maneno ya Felista, maana yeye kati ya wimbo na wimbo aliongea kuliko alivyoimba. Mwalimu alikuwa akiniambia, "Toa maneno, Priska, acha wimbo." Nikawa natoa. Felista alikuwa akichungulia juu ya bega langu na kulalamika, "Huyu ananifuta kila siku, na bado namlisha."

Walikuwa wakirekodi nyimbo nane. Felista aliugua wiki moja baada ya Pasaka, akalala siku tisa, akafariki. Sauti yake ilikuwa imeshaingia katika nyimbo zote, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa umekamilika. Kila wimbo ulikuwa vipande vipande, sauti ya kwanza hapa, besi pale, kinanda mahali pengine, na ni ile programu ya kurekodia peke yake iliyojua kipande kipi kinakaa wapi. Programu yenyewe iliwekwa na kijana mmoja aliyepita kijijini likizo moja, kisha akaenda ng'ambo asipatikane tena. Mwalimu alitangaza mbele ya kwaya kwamba nyimbo zitasikika siku ya misa ya kumbukumbu, na misa ikapangwa siku mbili baada ya Krismasi, maana huku kwetu ukitaka kumkumbuka mtu ukiwa na watu wake wote, unangoja Desemba, wale wa Dar na Mwanza wakisharudi. Alisema hivyo akiwa ameshika daftari la nyimbo kwa mikono miwili. Tangu mazishi, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote.

Halafu mwezi wa tano radi ikapiga mti wa mgrivilea ulio nyuma ya nyumba. Tulipoingia chumbani asubuhi tulikuta harufu ya kahawa imezidiwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Mwalimu alibonyeza kitufe cha kuwashia, akasubiri, akabonyeza tena. Alibonyeza taratibu, kwa kituo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkwe.

Kornel alikuwa na chumba cha ufundi huko Rau, mjini Moshi, kwenye safu ya vibanda vya mbao. Alifungua kasha letu, akanusa, akasema ubao mkubwa wa ndani umekufa na kile kisanduku cha kugawa umeme kimekufa. "Ila diski zinaweza kuwa hai. Mzee, kompyuta yako ni hizi diski mbili. Hayo mengine ni nyumba tu, nyumba tutajenga nyingine." Akatuonyesha. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki. Humo ndimo ulimokaa mfumo wa kuiendesha kompyuta pamoja na ile programu. Nyingine ilikuwa kubwa, nzito kwa umbo lake. Humo zilikaa sauti zenyewe. Kabla hajachomoa waya hata mmoja nilitoa daftari langu, nikaanza kuandika: waya mwekundu bapa, kutoka diski kubwa, tundu la pili kutoka juu. Kornel alisubiri na bisibisi mkononi, akahema. "Dada, unaandika wosia?" Nilikuwa bado naandika neno "bapa".

Alituambia vifaa vya kujengea mashine nyingine atavipata kimoja kimoja, na diski tukae nazo wenyewe kwa kuwa kwake vitu hupotea. Mwalimu akazifunga kwenye bahasha, akaenda kumkabidhi mama yake. Mama yake tulimwita Mae, sote, hata watoto wa jirani. Miezi ikapita. Ukungu wa mwezi wa saba ukashuka hadi kwenye vibaraza, nguo zikakaa siku nne kwenye kamba bila kukauka, viatu vikaota kuvu. Mwezi wa kumi Kornel akapiga simu kwamba nyumba imekamilika, tulete wenyeji.

Tulimkuta Mae jikoni kwake, kwenye kile kibanda cha mbali na nyumba kubwa, anageuza kuni chini ya sufuria ya kiburu cha ndizi na maharage. Mwalimu akamwuliza diski ziko wapi. Mae akanyoosha mwiko juu, kuelekea darini, pale juu ya mafiga ambapo mahindi ya mbegu yalining'inia yakiwa meusi kwa masizi.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. "Mama. Umeziweka kwenye moshi?"

"Ulisema nizitunze zisiharibike," Mae akasema. "Ningeziweka wapi? Kabatini zipate ukungu? Kitu ninachotaka kiishi nakiweka juu ya moto. Mbegu ziko pale. Cheti chako cha ubatizo kilikaa pale hadi ulipokwenda kuoa. Kina shida gani leo?"

"Kinanuka, mama."

"Lakini kinasomeka."

Nilipanda mimi kuzitoa. Bahasha ilikuwa imekauka ikavunjika mikononi kama jani la mgomba. Diski zilikuwa na utando wa kahawia unaonata, na yale meno madogo ya dhahabu ambapo waya huchomekwa hayakuonekana tena kuwa ya dhahabu. Mwalimu alizigeuza kiganjani. Hakumgombeza mama yake. Alikula kiburu alichopakuliwa, akashukuru, akatoka. Mae aliponiona natafuta kitu cha kuzifungia akanipa maganda makavu ya mgomba, laini, yale anayofungia mayai ya sokoni. "Mshikilie vizuri huyo," akaniambia. Mpaka leo sijui alimaanisha Felista aliyekuwa ndani ya diski au mwanawe.

Nimewahi kujiuliza kwa nini mwaka ule wote naukumbuka kwa vyumba vitatu tu, ile stoo, jiko la Mae na kibanda cha Kornel, wakati nilikwenda mahali pengine pia. Nadhani ni kwa sababu ndimo nilimokuwa nasikiliza. Kibanda cha Kornel kilitenganishwa na saluni ya kike kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, na kila kilichosemwa upande ule kilitufikia pamoja na harufu ya dawa ya nywele. Tulishuka na gari la mtu anayepeleka ndizi sokoni, tukafika asubuhi, tukaikuta mashine mpya mezani, nyeusi, ubavu wake mmoja wa kioo, na feni ndani. Ilikuwa mpya kwetu tu. Vifaa vyake Kornel alivikusanya kutoka mashine zilizokufa ofisini kwa watu.

Akaanza na diski kubwa. Aliichomeka kwenye kompyuta yake ya kazi. Ikalia kidogo, ikazunguka, kisha pakatokea kisanduku cha maandishi chenye vitufe viwili. Kornel akapeleka mshale kwenye kitufe cha kwanza.

"Imeandika nini?" nikauliza.

"Inasema haiitambui hii diski, inaomba ruhusa iiandae upya."

"Ikishaandaliwa, vilivyomo vinakwenda wapi?"

Kornel alijikuna shingo. "Vinaondoka. Lakini dada, kama haiitambui, maana yake hakuna kitu humo. Imekaangwa na bibi."

Mwalimu Aloyce alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake kwetu. "Kornel ndiye fundi," akasema. "Bonyeza tu. Tujue moja."

Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wa Kornel. Sijawahi kumgusa mwanaume mkubwa namna ile, wala kumkatalia Mwalimu jambo lolote. "Hapana," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, hata upande wa saluni wakanyamaza. Nilitaka kueleza lakini maneno hayakupangika, kwa hiyo nikasema lile lililokuwa karibu. "Imechafuka tu. Tuifute kwanza. Una raba?"

"Raba gani?"

"Ya shule. Ya kufutia penseli."

Kornel alinitazama, akamtazama Mwalimu, akacheka kidogo kupitia puani. Kisha akaondoa mkono kwenye mausi na kuvuta droo. Raba ilikuwepo, nusu, na yeye mwenyewe akakumbuka kwamba zamani, alipokuwa anajifunza, walisafisha hivyo meno ya vifaa. Nilianza kusugua. Kila jino nilisugua mara nyingi, nikapuliza, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Raba iligeuka kahawia, na kibanda chote kikanuka jiko la Mae, moshi na mahindi na kitu kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Mwalimu alisogea akanusa. Nilitumia karibu saa nzima. Tulipoichomeka tena haikuuliza swali lolote. Iliorodhesha tu majina ya nyimbo, zote nane, kama mtoto anayesoma rejista. Mwalimu akaketi.

Lakini sauti zile zilikuwa bado vipande visivyo na mpangilio, na mpangilio ulikuwa katika diski ndogo. Hiyo niliisugua pia, tukaiweka ndani ya mashine mpya, kila waya mahali nilipoandika. Kornel akawasha. Feni ikazunguka vizuri, kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba hakuna kitu cha kuwashia. Tukarudia mara tatu. Kornel akasema ubao huu ni wa kizazi kingine, umezoea diski zilizopangwa kwa utaratibu mpya, na yetu ilipangwa kizamani. "Wameonana lakini hawasalimiani. Dawa yake tupige windo mpya, tufute mfumo huo tuweke mwingine, nusu saa tu, mashine iko hewani."

"Na programu?" nikauliza.

"Nitawatafutia nyingine. Bora kuliko hiyo."

"Hiyo nyingine itazijua nyimbo zetu?" Mwalimu akauliza.

Kornel ana sifa moja: hadanganyi akiulizwa moja kwa moja. "Itazijua sauti, mzee. Haitajua nani aliingia wapi." Akatazama saa, akasema ana mtu anamsubiri mjini. Alinionyesha namna ya kufungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka. "Chezea hapo, dada. Hapo huwezi kufuta kitu. Nikirudi bado imegoma, tunapiga mpya."

Basi nikabaki na ukurasa ule. Ulikuwa wa Kiingereza, maneno mengi sikuyajua, na sitadai kwamba niliyaelewa. Nilichofanya ni kuandika. Mstari wa kwanza ulivyo, nikaandika. Nikabadilisha mmoja tu, nikawasha, nikaona kimetokea nini, nikaandika, nikaurudisha ulivyokuwa. Halafu mstari wa pili. Mwalimu alikwenda kwa mama lishe akarudi na wali na maharage kwenye sahani mbili, akala yake, yangu ikipoa. Upande wa pili wa plaiwudi kikaushio cha nywele kilizimwa, nikasikia mwanamke akisema, "Yule baba bado yuko?"

"Yupo. Anangoja kompyuta yake iamke."

"Ina nini cha maana hivyo?"

"Kornel anasema ina sauti ya mkewe. Alifariki baada ya Pasaka."

"Maskini. Sasa kompyuta ndiyo itamrudisha?"

"Shika masikio yako vizuri, nitakuunguza."

Nilijua Mwalimu amesikia, kwa sababu kijiko chake kilisimama. Nilitamani kumwambia neno, na kama ningekuwa Felista ningelipata, tena la kuchekesha. Mwalimu alikwangua sahani, akaiweka chini, akasema, "Endelea, Priska."

Niliendelea. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili na nusu nilipofika kwenye mstari uliokuwa na machaguo mawili, moja la namna mpya na jingine la namna ya zamani. Nilijua hilo kwa sababu Kornel alikuwa ameyaonyesha kwa kidole kabla ya kuondoka akisema lile la zamani halina kazi siku hizi. Nikachagua la zamani. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ule ule niliouzoea, kisha pakatokea nukta ndogo ndogo zinazozunguka. Zilizunguka kwa muda mrefu sana. Mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, ikazunguka tena, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ngeni anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Halafu akatokea ndama. Alikuwa ndama wa Mae, mweusi mwenye doa usoni, ambaye Felista alimpiga picha na kumweka kwenye kioo cha kompyuta yetu. Ndama mwenyewe alishauzwa zamani. Pale alikuwa bado mdogo, anatazama, na pembeni yake kila kitu kilikuwa mahali tulipokiacha kabla ya radi.

Kornel aliporudi alisimama mlangoni na funguo mkononi. Alimtazama ndama, akalitazama daftari langu, akafunua kurasa, akaona jinsi nilivyoandika hata yale yaliyokataa. Ndipo alipoinamisha kichwa na kusema, kwa mara ya kwanza, "Shikamoo, fundi." Mimi nilikuwa na swali lililonisumbua kuliko sifa zake. "Hii sasa ni kompyuta ile au ni nyingine?" nikamwuliza. Akafikiri. "Yenyewe inadhani ni ile," akasema. "Tusiiambie."

Tulifungua programu. Wimbo wa kwanza ukajipanga kwenye kioo, mistari yote, kila mtu mahali pake. Nikabonyeza kucheza. Mshale ukatembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila sauti hata kidogo. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Mwalimu akaniuliza kama spika zimewashwa. Zilikuwa zimewashwa. Kila kipande kilikuwa na rangi ya kijivu, na chini yake maandishi madogo. Kornel alifungua diski kubwa, akachukua kipande kimoja, akakicheza peke yake: kilisikika, sauti ya besi moja ikiguna. "Vipo," akasema. "Mbona haivioni?" Nikachukua penseli nikanakili yale maandishi madogo herufi kwa herufi, kwa kuwa ndivyo ninavyosoma kitu vizuri. Yalianza na herufi D. Kisha nikanakili mahali vipande vilipo. Palianza na E. Nikaviweka viwili juu na chini kwenye ukurasa, nikasukuma daftari mbele ya Kornel.

Alicheka hadi akaegemea plaiwudi. Katika mashine aliyotujengea alikuwa ameweka kisomea kadi za simu, na hicho ndicho kilichojitwalia herufi D, jina la zamani la diski yetu. Diski yetu ilipofika ikapewa E. Programu ilikuwa inakwenda kubisha kwenye nyumba ya zamani, inakuta mtu mwingine, inarudi kusema hayupo. Kornel alibadilisha zile herufi mbili. Ilichukua muda mfupi kuliko mimi kuandika sentensi hii.

Nilipobonyeza tena, Felista aliimba.

Upande wa saluni kikaushio kilizimwa. Aliimba ubeti wa kwanza wote. Mwalimu alikuwa na mikono magotini, na mkono mmoja ulipiga mapigo kidogo, kwa mazoea. Wimbo ulipokwisha nilidhani atasema tuanze kazi, kwa kuwa ilibaki miezi miwili na nyimbo zilikuwa nane. Badala yake aliuliza, "Kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

"Kabla ya wapi?"

"Kabla hajaanza kuimba. Alikuwa anasema kitu. Nilikwambia ukitoe."

Hapo ndipo nilipomwonyesha jambo ambalo sikujua kama analijua. Programu ile haikati. Unapokata, yenyewe inakunja tu kwa ndani, kama fundi wa nguo anavyokunja upindo wa gauni la mtoto anayekua, akijua siku moja utafumuliwa. Nilishika ukingo wa kipande cha sauti yake nikauvuta kushoto, taratibu. Mistari ikaanza kujitokeza, mingi, midogo, isiyo na mpango wa wimbo. Nikaivuta hadi ilipogoma. Nikabonyeza.

Tulisikiliza hadi dereva wa ndizi alipopiga honi ya kuondoka. Hakukuwa na jambo kubwa. Felista aliuliza kama kuna aliyefunga ng'ombe. Alimwambia mtu avute kiti asikiburuze. Alimtania mumewe kwamba ameanza wimbo juu sana kama anaita mbuzi. Mwalimu Aloyce alicheka pale pale alipocheka siku ile, na kicheko chake cha siku ile nacho kilikuwemo, nyuma, mbali na kipaza sauti.

Nyimbo nilizimaliza wiki moja kabla ya Krismasi, kwenye stoo ya kahawa, kwenye mashine nyeusi. Saba nilizisafisha. Wa nane Mwalimu alinikataza kuukunja. Siku ya misa uwanja wa nyumba ulijaa, watu wa Dar na miwani yao, watoto wasioelewa Kichagga, wanakwaya na sare mpya. Mimi nilikuwa kwenye meza ya spika, nimejificha nyuma ya mgomba kadiri nilivyoweza, mkono kwenye kitufe cha sauti. Mae aliwekwa mstari wa mbele, masikio yake yakiwa yameshaanza kuwa mazito. Nyimbo saba zilipita, watu wakasikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, inavyopasa. Kisha uwanja mzima ukasikia kiti kinaburuzwa, na sauti ya Felista, karibu kabisa, ikasema, "Ninyi wa besi, mmeshiba machalari sasa mnasinzia. Mae aje awachape?"

Baadhi ya watu walicheka kabla hawajakumbuka. Wengine wakaanza kugeuka, wakitafuta ni nani. Nikaona mwanakwaya mmoja anakuja kwangu kwa haraka, ananionyesha kwa mkono nipunguze. Sikupunguza. Pale mbele Mae alikuwa ameinua kichwa, amekitega upande wa spika, na kabla wimbo haujaanza akajibu kwa sauti, kwa Kichagga, kwamba anakuja, wamngoje avae viatu.